Hakuna Kitufe cha Kurudisha: Msaada wa Blokucheni Kutoka Ipuli

Mtu aliyetuma hela kwenye namba isiyo yake kupitia M-Pesa ana pa kukimbilia. Hupiga simu huduma kwa wateja, hutaja namba ya muamala, na kama aliyepokea hajaitoa, kampuni inaweza kuizuia na kuirudisha. Inaweza kufanya hivyo kwa sababu daftari la hesabu liko mikononi mwake. Blokucheni, daftari la miamala lisilo la kampuni moja, ilibuniwa makusudi ili mamlaka hayo yasiwe ya mtu yeyote. Tangu bloku (fungu la miamala) ya kwanza ya Bitcoin ilipoandikwa tarehe 3 Januari 2009, kila bloku iliyofuata imebeba alama ya ile iliyoitangulia, yaani namba ndefu inayopatikana kwa kupitisha data za bloku hiyo kwenye kanuni ya hisabati. Ukibadilisha tarakimu moja ya zamani, alama yote hugeuka, na kompyuta zinazotunza nakala za daftari hilo duniani kote hulikataa toleo lako. Uimara huo unasifiwa sana, na unastahili sifa. Lakini aliyekosea kutuma naye hukwama ndani ya uimara huohuo, na anayemjibu ni mhudumu wa msaada wa kiufundi ambaye hana kitufe cha kurudisha chochote. Alicho nacho ni maelezo. Ndiyo maana nasema mhudumu huyo ni sehemu ya usalama wa mfumo, kama alivyo mhandisi aliyeandika programu, na kwamba kazi yake inaweza kufanywa vizuri na mtu anayeishi Ipuli, Manispaa ya Tabora, mradi aajiriwe kama mtu wa usalama.

Tuchukue swali linaloulizwa kila mara kwenye makundi ya Telegram na Discord: nimetuma sarafu za USDT, mbona hazijafika? Mhudumu huomba alama ya muamala, ambayo kwenye mtandao wa Ethereum ni 0x ikifuatwa na herufi na tarakimu 64, kisha huitafuta kwenye daftari lililo wazi kwa kila mtu. Huenda muamala bado uko foleni kwa sababu ada iliyowekwa ni ndogo. Huenda umeshindikana, salio halijaguswa lakini ada imeshaliwa. Kesi ngumu ni ile ambayo muamala umefaulu, ila kwenye mtandao mwingine. Anwani ya Ethereum hukokotolewa kutoka kwenye ufunguo wa siri, na ufunguo uleule hutoa anwani ileile kwenye Polygon, BNB Smart Chain na mitandao mingine iliyofuata muundo huo. Kama anwani iliyopokea ni ya pochi (programu inayotunza funguo) ya mtumaji mwenyewe, dawa ni kuongeza mtandao ule kwenye pochi, na hela huonekana. Kama ni anwani aliyopewa na soko la kubadilishia sarafu, ufunguo uko kwa soko, na ni wenye soko tu wanaoweza kuzitoa wakikubali. Wateja wawili wameuliza kwa maneno yaleyale, mmoja anapona ndani ya dakika tano na mwingine pengine hapati kitu. Kuwatofautisha kunahitaji mtu anayeelewa ufunguo ni nini na uko kwa nani.

Uelewa huo ndio unaozuia wizi pia. Pochi nyingi humpa mtumiaji maneno 12 yanayozaa funguo zake, yaliyochaguliwa kutoka orodha ya maneno 2048, na michanganyiko inayowezekana ni 2 kwa kipeo cha 128, idadi ambayo hakuna kompyuta ya leo inayoweza kuimaliza kwa kubahatisha. Mwizi mwenye akili haangaiki na hesabu hiyo, anamfuata binadamu. Mnamo Machi 2022 daraja la Ronin, lililounganisha mchezo wa Axie Infinity na Ethereum, liliibiwa zaidi ya dola milioni 600 baada ya wezi kupata funguo 5 kati ya 9 za waidhinishaji wa miamala, na iliripotiwa kwamba waliingia kwa kumrubuni mfanyakazi kwa ofa bandia ya kazi. Hisabati haikuguswa. Kwa mtumiaji wa kawaida hila ni ndogo zaidi: tapeli huingia kwenye kundi, huweka picha na jina la mhudumu, kisha humwandikia mwenye shida faraghani akiomba yale maneno 12 ili "amsaidie". Watanzania waliozoea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" wanaijua mbinu hiyo vizuri. Kinachowatatiza ni kwamba orodha rasmi za maneno zipo kwa Kiingereza, Kifaransa, Kihispania, Kireno, Kijapani na lugha nyingine chache, na Kiswahili hakimo. Mkulima wa tumbaku wa Urambo au mrina asali wa Sikonge atanakili maneno ya Kiingereza ambayo huenda hayajui maana. Anahitaji mtu wa kumwambia kwa lugha yake kwamba karatasi ile ndiyo hela yenyewe, haipigwi picha, haitumwi kwa yeyote, na kwamba kwenye orodha ya Kiingereza herufi nne za mwanzo zinatosha kulitambua neno, hivyo akikosea mwisho wa neno bado hajapotea.

Kuna atakayenijibu kwa mfano wa Coinbase, soko la kubadilishia sarafu. Mei 2025 kampuni hiyo ilitangaza kwamba wahalifu waliwahonga baadhi ya wahudumu wake walioko nje ya Marekani, wakapata taarifa za wateja, kisha wakadai dola milioni 20, ambazo kampuni ilikataa kulipa. Je, hilo halithibitishi kuwa mhudumu wa mbali ndiye tundu lenyewe? Nadhani linathibitisha jambo jingine. Wahudumu wale walikuwa wanaona taarifa binafsi zenye thamani sokoni, na mtu wa aina hiyo anaweza kuhongwa akiwa New York kama anavyoweza kuhongwa popote. Msaada wa jamii ya watumiaji wa blokucheni ya wazi hauhitaji taarifa hizo. Alama ya muamala iko hadharani, anwani iko hadharani. Mhudumu wa Ipuli anaweza kumaliza zamu nzima bila kuona jina halisi wala kitambulisho cha mtu, na asiyeshika siri hana cha kuuza.

Kuhusu umeme na mtandao, shida ipo. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na intaneti ikazorota nchi nzima, Tabora ikiwemo, na hakuna bando linalotibu hilo. Lakini kazi hii ni ya maandishi, simu yenye chaji na bando la kawaida vinaibeba, na zamu hupokezana kati ya watu wa nchi mbalimbali. Hapo tofauti ya saa inatusaidia: saa 3 asubuhi Tabora, New York ni saa 7 au saa 8 usiku, wakati ambao wahudumu wa huko wamelala na wateja wa Afrika na Asia wako macho. Pingamizi la roboti za kujibu maswali lina uzito zaidi. Zitachukua maswali mepesi, na zichukue. Ila roboti hukosea kwa sauti ya uhakika, hasa katika lugha yenye maandishi machache ya kujifunzia, na mahali ambapo kosa halirudishiki jibu la uhakika lisilo sahihi ni hasara kamili.

Wengine watasema yote haya ni kamari na utapeli, heri vijana wetu wakae mbali. Wana sababu. Benki Kuu ilitoa tangazo la tahadhari Novemba 2019 kwamba sarafu za kidijitali si fedha halali nchini. Juni 2021 Rais Samia aliitaka Benki Kuu ianze kujiandaa nazo, na Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Zanzibar nako kampuni ya World Mobile ilikuwa imeanza kujenga mtandao wa mawasiliano unaotegemea blokucheni ya Cardano. Watu wanaitumia teknolojia hii wakiwa na mwalimu au bila mwalimu, na anayefaidi pale mwalimu anapokosekana ni tapeli.

Suala linalonitia wasiwasi kweli ni malipo, na hapa Tabora ina historia yake. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji, iliyopita Tabora, ilipitisha pembe za ndovu na watumwa, na ukatili wake haufutiki. Iliendeshwa pia na wapagazi wa Kinyamwezi waliofanya kazi kwa ujira, kila mmoja akibeba kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Walijua thamani yao, na posho ikipungua waliweka mizigo chini. Posho hiyo ilitolewa kwa nguo, kama ile merikani iliyofumwa Marekani, na kwa shanga, na tatizo la shanga lilikuwa kwamba rangi iliyopendwa nchi moja ilikataliwa nchi ya jirani. Kampuni za blokucheni hupenda kuwalipa watu wa jamii kwa tokeni zao wenyewe, yaani sarafu walizozitoa. Mei 2022 sarafu ya LUNA iliporomoka kutoka zaidi ya dola 80 hadi karibu sifuri katika muda wa wiki moja hivi. Aliyekuwa anatunza mshahara wake humo alikuwa amefanya kazi ya bure bila kukosea jibu hata moja. Kwa hiyo mkataba wa kijana wa Ipuli utaje mshahara kwa shilingi au dola, tarehe ya kulipwa, na urefu wa zamu. Umnyime ruhusa ya kuona taarifa asizohitaji. Umpe njia ya kumfikia mhandisi moja kwa moja anapogundua tatizo ambalo wateja kumi wameliuliza asubuhi moja, kwa sababu yeye huliona kabla ya mtu mwingine yeyote ndani ya kampuni. Tokeni, kama zipo, zije juu ya hapo kama nyongeza.