Maziwa Mazito ya Kopo: Yalitoka Wapi, na Je, Yanamfaa Mtoto Mchanga?

Hapa Kibakwe bibi aliyeachiwa mjukuu asiye na mama hutuuliza kliniki kama anaweza kumlea kwa maziwa mazito ya kopo. Tunamjibu hapana. Sababu iko katika historia ya maziwa yenyewe.

Mwaka 1856 Mmarekani Gail Borden alipewa hati ya uvumbuzi wake. Alichemsha maziwa ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, ambamo huchemka kwa moto mdogo bila kuungua. Maji yakapungua, maziwa yakawa mazito. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Marekani mwaka 1861, jeshi liliyanunua kwa wingi kwa kuwa hayakuharibika njiani. Kumbe kilikuwa chakula cha askari!

Ndugu wawili Wamarekani, Charles na George Page, walipeleka ufundi huo Uswisi, wakaanzisha kampuni ya Anglo-Swiss Condensed Milk mjini Cham mwaka 1866. Mwaka uliofuata Henri Nestlé, mzaliwa wa Ujerumani, alianza kuuza mjini Vevey chakula cha watoto cha maziwa, unga wa ngano na sukari. Kampuni hizo zilishindana hadi zilipoungana mwaka 1905.

Kinachozuia maziwa hayo yasioze ni sukari. Katika gramu 100, zaidi ya 40 ni sukari iliyoongezwa. Ukiyazimua mpaka utamu upungue, unabaki na maji meupe yasiyo na protini ya kutosha. Mtoto hunyamaza, hulala, lakini hakui. Daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, aliyaona hayo huko Singapore, na mwaka 1939 alitoa hotuba aliyoiita "Maziwa na Mauaji". Jina kali, nasi tunaona lilistahili.

Baadaye lawama zilihamia kwenye matangazo ya maziwa ya unga katika nchi maskini. Mwaka 1977 watu Marekani walianza kususia bidhaa za Nestlé, na mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilipitisha kanuni za biashara hiyo. Tanzania ilitunga za kwake mwaka 1994.

Basi, bibi afanyeje? Amlete mtoto kituoni siku ileile, asingoje Jumatatu. Ndugu anayenyonyesha, akishapimwa virusi vya UKIMWI na kuonekana hana, aweza kumnyonyesha. Asipopatikana, tunafundisha kutayarisha maziwa maalumu ya watoto wachanga kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, kwa maji yaliyochemshwa, na kumnywesha kwa kikombe. Chupa ya kunyonyea ni vigumu kuisafisha, hasa maji yakiwa ya kuchota mbali.

Akitimiza miezi 6, anza uji wa uwele au mtama wenye karanga zilizosagwa, pamoja na maziwa ya ng'ombe au mbuzi yaliyochemshwa. Kadi ya kliniki msiisahau. Uzito tutaupima kila mwezi.