Cheti cha Ualimu Kimfuate Mwalimu Darasani

Sheria ya Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) ya mwaka 2012 haina utata: asiyesajiliwa na TSC haruhusiwi kufundisha nchini Kenya. Anayetaka kufundisha sekondari huhitaji alama ya wastani ya C+ katika KCSE, na C+ nyingine katika masomo mawili atakayofundisha, kisha digrii au diploma ya ualimu. Mwenye digrii ya fani nyingine huongeza diploma ya uzamili ya ualimu. Kwa shule ya msingi, cheti cha P1 kimepisha diploma ya miaka mitatu iliyoanza kufundishwa mwaka 2021. Baada ya hapo kuna cheti cha mwenendo mwema kutoka DCI, fomu ya daktari, PIN ya KRA na ada ya usajili, ndipo nambari ya TSC itoke. Njia hii imenyooka kwa kijana aliyetoka kidato cha nne juzi na mwenye mzazi wa kumlipia karo ya chuo. Kwa mwalimu ambaye tayari anafundisha Gatwekera au Laini Saba huko Kibera, au Gatina huko Kawangware, jijini Nairobi, kwa mshahara unaotegemea karo ya watoto wa vibarua, karibu haipitiki. Ni kwa ajili yake kwamba utaratibu wetu wa kumthibitisha mwalimu unahitaji kufikiriwa upya.

Walimu kama hao si wachache. Mwaka 2003, mwaka uleule elimu ya msingi ilipofanywa bure, watafiti wakiongozwa na James Tooley walihesabu shule 76 za kibinafsi ndani ya Kibera pekee, zikiwa na wanafunzi zaidi ya 12,000. Shule za serikali kama Olympic, Ayany na Toi ziko pembezoni mwa makazi, na zilifurika mara tu milango ilipofunguliwa. Shule za mabati zilizojaza pengo hilo, Kibera na Kawangware, ndizo serikali inazoziita APBET. Mwongozo wa kuzisajili ulikubali zianze na walimu waliosomea kazi asilimia 30, mradi wale wengine wawe wanaendelea na mafunzo. Hapo ndipo penye tatizo: wanasoma wapi, na lini? Tarehe 23 Septemba 2019 jengo la Precious Talent lilipoporomoka Ng'ando, kilomita chache tu kutoka Kawangware, na kuua watoto wanane, serikali ilifunga shule kadhaa na wakaguzi wakapima kuta na paa. Ukaguzi huo ulikuwa wa lazima, ila swali la mafunzo ya mwalimu lilibaki palepale.

Kenya imewahi kulijibu swali hili, tena vizuri. Miaka ya mwisho ya 1960 chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na kitengo cha masomo kwa njia ya posta, makao yake Kikuyu. Mwalimu wa daraja la P3 alipokea vitabu kwa posta, akasikiliza vipindi vya redio ya Sauti ya Kenya, akakutana na wakufunzi wakati wa likizo, akafanya mtihani na kupandishwa hadi P2 bila kuacha darasa. Mwaka 1985 vilianza vituo vya wilaya vya DICECE, vilivyomfunza mwalimu wa chekechea kwa miaka miwili: likizo yuko chuoni, muhula yuko shuleni kwake, na mkufunzi humfuata huko. Diploma ya sasa imepangwa kwa mtu anayeweza kuishi chuoni bila kipato. Mwenye P1 ametengenezewa kozi ya kupanda hadi diploma, lakini asiye na P1 hana ngazi kama hiyo. Naye apewe mafunzo ya likizo, na mkufunzi amfuate shuleni kwake.

Kumfuata mwalimu darasani kuna faida nyingine inayothibitishwa na majaribio ya kufundisha kusoma ya PRIMR, yaliyozaa mpango wa Tusome uliosambazwa nchi nzima mwaka 2015. PRIMR ilifanyika katika shule za serikali na za APBET pia. Mwalimu alipewa mwongozo wa kila somo, na chini ya Tusome mkufunzi akaja kuketi nyuma ya darasa na tableti yake. Somo likiisha, mkufunzi aliwaita watoto watatu, mmoja mmoja, wamsomee kwa sauti, kisha akazungumza na mwalimu kuhusu alichokisikia. Usomaji ulipanda katika shule za aina zote mbili. Tazama na upande wa pili: utafiti wa Benki ya Dunia wa 2012 ulionyesha kwamba mwanafunzi wa shule ya umma alifundishwa saa 2 na dakika 19 kwa siku, na wa shule ya kibinafsi saa 3 na dakika 28, ingawa wenye vyeti wamejaa shule za umma. Wapo wanaotumia takwimu hii kudai cheti hakina maana. Sikubaliani nao hata kidogo. Saa nyingi mbele ya mtu asiyejua kwa nini mtoto anachanganya herufi ni saa zinazopotea. Ninachokiona ni kwamba cheti kinafaa kikiambatana na mtu anayekuja kuona somo lenyewe.

Pingamizi zito kuliko yote ni hili: walimu waliosajiliwa na TSC na hawana ajira wamepita 300,000, basi kwa nini tusiwapeleke hao Kibera? Waende, na shule inayoweza kuwalipa iwachukue. Ila mwenye nambari ya TSC anayelipwa shilingi elfu chache husubiri barua ya serikali, na ikija anaondoka katikati ya muhula, jambo ambalo siwezi kumlaumu kwalo. Anayebaki ni yule anayeishi mtaa huohuo. Wengine watasema kwamba kumfunza mwalimu akiwa kazini ni kushusha viwango. Ingekuwa hivyo kama mtihani ungelegezwa. Mtihani ubaki wa baraza la mitihani, KNEC, karatasi ileile na siku ileile, na mazoezi ya kufundisha yapimwe na mkufunzi wa chuo. Thogoto, chuo cha serikali kilichoko Kikuyu, hakiko mbali na Kawangware, na likizo za Aprili, Agosti na Desemba zinatosha kuanzia. Wenye shule nao wachangie, kwa kuwa wao ndio wanaopokea karo.

Mwalimu aliyepata D+ katika KCSE hataingia hata kwa mpango huu, na aelezwe hivyo mapema badala ya kuuziwa vyeti visivyotambuliwa na TSC. Ajisajili kama mtahiniwa wa kibinafsi, arudie mtihani, na mafunzo ya likizo yampe vipindi vya hisabati na Kiswahili vya kumwandaa. Hadi afaulu, aketi darasani kama msaidizi chini ya mwenye nambari ya TSC.