Kupakia na Kupakua: Juu ya Istilahi ya Modemu

Neno modemu limeingia katika Kiswahili likiwa limekwisha kufungwa. Huko lilikotoka ni vipande vya maneno mawili, moja la kulitia wimbi la redio habari na la pili la kuitoa. Mswahili hupokea sauti tupu.

Hata hivyo, vitenzi anavyo. Kipevu, upande wa Changamwe, shehena hupakiwa na kupakuliwa: mzizi ni mmoja, -pak-, na -u- ndiyo itenduayo. Modemu nayo hupakia tarakimu juu ya wimbi, na mwenziwe wa upande wa pili huzipakua. Lakini watu wa kompyuta wamekwisha kuvichukua vitenzi hivyo kwa kupeleka na kuleta majalada. Vinafaa, basi, katika ufafanuzi, si katika jina.

Tatizo zito zaidi limo katika neno masafa. Setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, haikuweza tena kuguswa na fundi. Ndiyo maana vyombo vya angani hujaribiwa kwanza ardhini: mtambo wa majaribio huyadhoofisha mawimbi, huyatia kelele, na kuyasogeza masafa yake kidogo ili kuuiga mwendo wa chombo, kisha huhesabiwa tarakimu zilizofika zimeharibika. Mwanafunzi aambiwaye kwamba “masafa yamebadilika” atajuaje kama ni umbali au ni idadi ya mitikisiko ya wimbi kwa sekunde? Katika jaribio hilo vyote viwili huhusika.