Kilele kwa Siku Moja: Mlima Kenya na Mwili wa Mpandaji

Mlima Kenya una vilele vingi. Batian (mita 5,199) na Nelion (mita 5,188) ni majabali yanayodai kamba na ufundi wa kukwea miamba. Halford Mackinder, pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel, waliufikia Batian kwa mara ya kwanza mwaka 1899. Kilele cha tatu kwa urefu ni Lenana, chenye mita 4,985. Hiki hufikiwa kwa miguu mitupu ya mtembeaji, bila kamba, na kwa hiyo wengi hukidhani kuwa ni chepesi.

Wapandaji wenye busara hutumia siku tatu, nne au zaidi. Lakini wapo wanaojaribu kwenda na kurudi kwa siku moja, wakianzia kituo cha Met Station katika njia ya Naro Moru, penye mita 3,050. Tofauti ya kimo ni mita 1,935. Je, safari hiyo huudai nini mwili wa binadamu?

Kutoka msituni hadi maziwani

Safari huanza gizani, yapata saa nane za usiku. Mpandaji huacha msitu, huvuka mteremko mrefu wa matope na nyasi za mafungumafungu, kisha huingia Bonde la Teleki. Kwa kuwa joto la hewa hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Sentigredi kila mita 1,000, kileleni kuna baridi zaidi kuliko kituoni kwa nyuzi 12 au 13.

Mimea ya huko imejifunza kuishi na baridi hiyo ya kila usiku. Aina moja ya lobelia kubwa huhifadhi maji katikati ya majani yake. Usiku maji hayo huganda juu tu, na kadiri yanavyoganda hutoa joto lake fiche. Chipukizi lililo chini ya barafu husalimika.

Bonde lenyewe lilichongwa na barafuto, yaani mito ya barafu iendayo polepole. Barafu hiyo ilikwangua mwamba na kuacha mashimo, tena ikarundika kuta za mawe na kokoto ziitwazo moreni. Ilipoyeyuka, maji yalijaa katika mashimo hayo na nyuma ya kuta hizo. Ndiyo asili ya vijiziwa vingi vya mlima huu, kama vile Teleki Tarn, Hall Tarns na Ziwa Michaelson. Kazi hiyo ya barafu sasa inakaribia kwisha: kati ya mwaka 1934 na 2010, barafuto ya Lewis, iliyo chini ya Lenana, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake.

Hesabu ya misuli

Tuchukue mpandaji mwenye kilo 60, aliyebeba mzigo wa kilo 10. Kazi ya kuinua kilo 70 kwa mita 1,935 ni 70 × 9.8 × 1,935, yaani jouli milioni 1.33 hivi. Lakini misuli hugeuza kuwa kazi takriban robo tu ya nishati ya chakula; sehemu iliyobaki huwa joto. Kwa hiyo mwili hutumia zaidi ya jouli milioni 5, sawa na nishati iliyomo katika gramu 350 hivi za unga wa mahindi, kwa kupanda tu. Bado hajahesabu kuteremka, kuteleza matopeni, wala kujikinga na baridi.

Hata hivyo, chakula kinaweza kuongezwa mfukoni. Hewa haiwezi.

Hewa haba

Kanieneo ya hewa usawa wa bahari ni milibari 1,013. Penye mita 5,000 ni milibari 540 hivi. Oksijeni bado ni asilimia 21 ya hewa, lakini kila pumzi huleta oksijeni kidogo zaidi ya nusu ya ile ipatikanayo pwani. Ishara yake huonekana hata katika sufuria: kwenye kimo hicho maji huchemka kwa nyuzi 84 hivi, na maharage hayaivi upesi.

Mwili hujitetea kwa hatua. Ndani ya dakika chache mtu huanza kuhema na moyo kwenda mbio. Kuhema huko huondoa kaboni dayoksaidi nyingi, damu ikazidi kuwa na alkali, na hali hiyo huzuia pumzi zisiongezeke ipasavyo. Figo hurekebisha jambo hilo kwa kutoa alkali katika mkojo, lakini huhitaji siku kadhaa. Kuongeza chembe nyekundu za damu huchukua majuma. Miguu yaweza kupanda mita 1,935 kwa asubuhi moja. Figo na damu haziwezi kuifuata kasi hiyo.

Saa ya kugeuka

Hapa ndipo ilipo siri ya safari ya siku moja. Ugonjwa wa kimo, wenye kuumwa kichwa, kichefuchefu na kizunguzungu, kwa kawaida hujitokeza baada ya saa 6 hadi 12. Apandaye na kushuka upesi huenda akaukwepa, si kwa kuwa ameuzoea mlima, bali kwa kuwa ameondoka kabla haujamkamata. Akichelewa, akapotea ukunguni au akateguka mguu, kinga hiyo huisha.

Hali ya hewa nayo huhesabu saa zake. Mara nyingi asubuhi huwa kweupe. Kabla ya adhuhuri mawingu hupanda kutoka mabondeni, na alasiri huleta mvua, mvua ya mawe au theluji. Kwa hiyo saa ya kugeuka hupangwa kabla ya kuondoka, na hufuatwa hata kama kilele kinaonekana karibu.

Zipo dalili zisizongoja saa yoyote. Mtu anayetweta hata akiwa amepumzika, au anayekohoa povu, huenda maji yanajaa mapafuni mwake. Anayeyumba kama mlevi au kusema maneno yasiyopatana, huenda ubongo wake unavimba. Wote wawili wateremshwe mara moja, usiku au mchana, wala wasiachwe peke yao. Dawa na oksijeni husaidia, lakini tiba iliyo kuu ni kushuka.

Kwa walio wengi, njia salama ni kuupa mwili muda: juu ya mita 3,000, kimo cha kulala kisiongezeke kwa zaidi ya mita 500 kila usiku, na kila baada ya siku tatu au nne iwepo siku ya kupumzika. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Anayepanga safari ya Lenana na aanze hesabu yake kwa saa atakayokuwa amerudi chini.