Sleti ya Wales na Wanunuzi Wake

Watu wengi waliosoma zamani walijifunza kuandika juu ya kibao cha sleti, wala hawakujua kwamba jiwe hilo hilo ndilo lililoezeka miji mingi ya Ulaya. Sleti ni jiwe la tabaka. Fundi hulipasua kwa patasi na nyundo likawa mabamba membamba, nayo hupigiliwa misumari juu ya paa. Halishiki moto, na likiezekwa vyema huweza kudumu miaka mia na kupita.

Wales ya Kaskazini ina milima ya jiwe hili. Mwaka 1831 ushuru wa sleti uliondolewa, na mwaka 1836 reli ya Ffestiniog ilianza kuteremsha mabamba mpaka bandari ya Porthmadog. Viwanda vya Uingereza vilikuwa vikiongezeka, na kila mji ulitaka nyumba za wafanyakazi. Hamburg, uliounguzwa na moto mwaka 1842, nao ulinunua kwa wingi. Mabamba yaliitwa kwa vyeo vya mabibi wakuu, na kadiri bamba lilivyokuwa dogo ndivyo cheo kilivyoshuka! Ilipofika mwaka 1898, watu wapatao 17,000 walitoa kiasi cha tani 485,000.

Hapo ndipo biashara ilipofikia kilele chake. Novemba 1900 watu kama 2,800 wa chimbo la Penrhyn, karibu na Bethesda, waliacha kazi kwa ugomvi na mwenye chimbo, Lord Penrhyn, juu ya haki za chama chao. Mwaka 1901 baadhi yao walirudi kazini, na tangu hapo jirani hakumsalimu jirani. Wagomaji walibandika madirishani tangazo kwamba humo hamna msaliti. Mgomo ulikwisha Novemba 1903, nao hawakupata walilolitaka. Wajenzi hawakuwangoja. Walinunua sleti ya nchi za nje na vigae vya udongo, na mnunuzi akiisha kuzoea duka jingine ni kazi kumrudisha.

Baadaye vilikuja vigae vya saruji, ambavyo mashine huvitoa vyote sawasawa kwa bei ndogo. Sleti huhitaji mikono ya fundi tangu mlimani hadi paani, na kwa kila tani moja ya mabamba, tani kumi au zaidi za mawe hutupwa. Vilima vya mawe hayo vingali vikionekana Blaenau Ffestiniog. Chimbo kubwa la Dinorwic lilifungwa mwaka 1969, na karakana zake zikafanywa makumbusho mwaka 1972.

Hata hivyo sleti haikufa. Penrhyn lingali likichimbwa, na nyumba za kale zinazolindwa na sheria mara nyingi hutakiwa kuezekwa upya kwa jiwe la asili. Lakini sleti nyingi inayouzwa Ulaya sasa hutoka Hispania, hasa Galicia. Mwenye nyumba wa Wales, akipiga hesabu yake, mara nyingi huona ile iliyovuka bahari ni rahisi kuliko ile ya mlima anaouona dirishani mwake.