Somo la Redio: Jicho la Mkaguzi wa Mizigo

Juma lililopita tulizungumza juu ya mashine ya eksirei ionyeshayo vilivyomo ndani ya mizigo katika viwanja vya ndege. Leo tumtazame mtu aketiye mbele ya mashine hiyo.

Mwaka 2015, huko Marekani, wapelelezi wa serikali walijifanya abiria, wakajaribu kupita na silaha na mabomu ya bandia. Habari zilizotoka zilisema kwamba katika majaribio 70, walipita mara 67. Mkuu wa idara iliyohusika akaondolewa katika kazi ile. Wengi walisema, "Wavivu hao!" Mimi sisemi hivyo.

Chukua kazi ya kuchagua mchele. Mchele ukiwa mchafu, jicho hukaa macho, maana kila mara unakutana na kijiwe. Mchele ulio safi, wenye kijiwe kimoja katika pishi nzima, ndio utuvunjao jino! Mwaka 2005 mtaalamu Jeremy Wolfe na wenzake walilipima jambo hili kwa kuwapa watu picha nyingi watafute zana ndani yake. Nusu ya picha zilipokuwa na zana, waliikosa mara 7 katika 100. Lakini picha zenye zana zilipokuwa 1 tu katika 100, waliikosa mara 30. Kwa nini? Mtu aliyezoea kujibu "hakuna" huacha kutafuta mapema. Na mkaguzi wa kweli aweza kumaliza miaka asione bomu hata moja.

Tena kuna kuchoka kwa akili. Mwaka 1948 Mwingereza Norman Mackworth, aliyechunguza kazi ya watazamaji wa rada, alieleza jinsi alivyowakalisha watu saa mbili wakitazama mshale uendao hatua kwa hatua, ili waseme kila uliporuka hatua mbili. Nusu saa haikupita sana, wakaanza kukosa. Aliyepata kuamia shamba la mpunga hatashangaa.

Kwa hiyo katika nchi za Umoja wa Ulaya, kwa kawaida mkaguzi hatazami picha zaidi ya dakika 20 mfululizo. Na mashine nyingi siku hizi humtilia picha ya bastola ya uongo katikati ya mzigo wa kweli. Akibonyeza kitufe, mashine humwambia kuwa lilikuwa jaribio. Asipobonyeza, humwambia vilevile, na kosa lake huandikwa.