Mgomba si Mti

Ukiuangusha mgomba ambao haujazaa, utazame vizuri pale ulipopita panga. Hutaona ubao wala kiini cha mti. Utaona pete juu ya pete, mfano wa kitunguu kikubwa kilichojaa maji. Kile tukiitacho shina ni vikonyo vya majani vilivyokumbatiana. Shina la kweli ni tunguu lililojificha ardhini. Siku zikitimia, ncha ya tunguu hilo hupanda katikati ya majani, ikatokeza juu na kuinama ikiwa ni ua, na ua hilo ndilo liletalo mkungu. Mgomba huzaa mara moja tu, kisha hufa na kuacha machipukizi pembeni.

Wazee wake ni migomba ya mwituni ya Asia ya Kusini-mashariki, ambayo tunda lake limejaa mbegu nyeusi ngumu, hata nyama ya kula ni haba. Huko Kuk, katika milima ya Papua Guinea Mpya, wachimbuzi wamekuta dalili kwamba watu walilima migomba yapata miaka 7,000 iliyopita. Baadhi ya mimea ilichanganya damu, ikapata seti tatu za kromosomu badala ya mbili, na mbegu zikashindwa kukua. Mlaji alifurahi, mmea ulipoteza uzazi wake.

Matoke yetu ya Uganda yana majina mengi: Nakitembe, Musakala, Mbidde. Hata hivyo yote ni ndugu wa damu moja. Tofauti zake zilizuka shambani kidogo kidogo, na wakulima (kina mama hasa, nathubutu kusema) wakazitambua na kuzitunza.

Hapo ndipo ilipo hatari, kwani ugonjwa umwezao mmoja huwaweza wengi. Mwaka 2001 mnyauko wa bakteria, uliokwisha julikana Ethiopia tangu miaka ya 1960, ulionekana Mukono. Wadudu huuchukua kutoka ua hadi ua, na panga huupeleka kutoka mgomba hadi mgomba. Majani hunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati na kuoza ndani.

Basi chane la mwisho likishatoka, livunje lile ua la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu, kwa mti wenye panda, si kwa panga. Panga nalo lipitishwe motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine. Wala usipokee machipukizi kutoka shamba lililonyauka, hata kama mwenyewe ni rafiki wa mumeo kikosini.